Mwongozo kamili: jinsi ya kufundisha yoga kwa staili yako bila kumgeuka mwalimu aliyekufundisha

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinasema kitu kimoja. Mtu amesoma kwa mwalimu mmoja miaka mitatu minne, amepata cheti, ameanza kufundisha hapa Mwanza, Nyegezi au Buzuruga au kule Capri Point, baada ya muda akabadilisha vitu viwili vitatu, mwalimu akasikia kwa watu, simu hazipokelewi tena. Au kinyume chake, mtu anamheshimu mwalimu mpaka anafundisha kama kopi, maneno yale yale, hata kikohozi kile kile, na wanafunzi wanapungua kila mwezi kwa sababu wanacholetewa hakiwahusu.

Wote hawa naona wanakwama sehemu moja. Wanadhani suala ni kuchagua kati ya guru na wewe mwenyewe. Kazi yenyewe ni ya mikono kabisa, ina daftari, ina kalenda, ina safari ya kwenda kumwona mtu uso kwa uso. Nimeipitia, nilikosea katikati, na nilichojifunza nakipanga hapa kwa hatua. Usiruke hatua, hasa ya sita.

## Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Daftari gumu, kaunta buku ya kwire mbili inatosha, na kalamu za rangi mbili.

Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Utaona kwa nini.

Simu ya kujirekodi ukifundisha. Sauti tu inatosha, video inakufanya uigize.

Vifaa vya darasani ambavyo mwanafunzi wako anavyo kwake: khanga mbili badala ya mkanda, kiti cha plastiki, ndoo imara yenye mfuniko, blanketi, ukuta mtupu. Ukianza kubuni staili inayohitaji vifaa vya kuagiza nje, umebuni staili ya watu wachache sana mjini hapa.

Mtu mmoja mkweli, mwalimu mwenzako au mwanafunzi wa zamani, ambaye akikwambia hapa umeharibu hutonuna.

Na miezi sita. Najua ni mingi. Ukitaka kumaliza kwa wiki mbili utarudi kwenye zile meseji nilizosema mwanzo.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwanza cha mwalimu unakijua

Hapa naomba uwe mkali na nafsi yako. Cheti cha saa 200 kinaonyesha ulihudhuria na ukafaulu kiwango cha kuanzia, hakionyeshi kwamba umeshika. Jipime hivi: funga daftari, fundisha mpangilio mzima wa mwalimu wako kuanzia mwanzo mpaka mapumziko ya mwisho, kwa mtu ambaye hajawahi kufanya yoga, bila kuchungulia popote. Jirekodi. Sikiliza kesho yake, sio siku hiyo hiyo.

Sababu ni kwamba usichokijua huwezi kukibadilisha, unaweza kukipoteza tu. Wengi wanaosema nimeboresha ukiwauliza vizuri unakuta wamesahau, wakaziba pengo kwa kitu walichokiona YouTube.

Utajua umefaulu pale ambapo mtu akikukatisha katikati akauliza "kwa nini hili limetangulia lile" una jibu, hata kama jibu ni fupi.

## Hatua ya 2: Daftari la safu tatu

Piga mistari miwili kila ukurasa upate safu tatu. Ya kwanza jina la pozi. Ya pili namna mwalimu alivyokufundisha, kwa maneno yake kadiri unavyoyakumbuka. Ya tatu sababu. Safu ya tatu ujaze kwa rangi mbili: bluu kama sababu uliisikia kwa mwalimu mwenyewe, nyekundu kama unakisia.

Mimi nilipomaliza, kurasa zangu zilikuwa nyekundu kuliko bluu. Nilishtuka kwa kweli. Miaka yote ile nilikuwa natetea vitu ambavyo sikuwahi kuuliza vilitoka wapi.

Nyekundu zote ni maswali ya kumpelekea mwalimu. Sio siku moja, utamchosha, moja moja baada ya kipindi. "Mwalimu, hivi pale kwenye pozi la pembetatu kwa nini mguu wa nyuma unaugeuza kidogo vile?" Walimu wengi wa zamani hawaelezi wasipoulizwa, ila ukiuliza kwa adabu wanafunguka mpaka unakosa pa kuandika.

Tahadhari: usiulize mbele ya wanafunzi wengine kwa namna inayoonekana unamtega.

## Hatua ya 3: Tenga mifupa na nguo

Sasa chukua daftari, kila mstari uamue ni mfupa au ni nguo. Mfupa ukiutoa mwili unaanguka. Nguo ukiibadilisha mtu ni yule yule.

Kwa ukoo wangu wa yoga, ambao ni Ashtanga, mwalimu wangu alisoma Mysore kule India akarudi nayo Mwanza, mifupa niliyoiona ni hii: kila mwendo una pumzi yake, kuingia kwenye pozi kuna pumzi na kutoka kuna pumzi, unaanza na vyepesi ukipanda taratibu, usimpe mtu pozi jipya kabla la nyuma halijatulia, mwisho lazima ulale upumzike, na kuna siku za kutofanya kabisa, Jumamosi na siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo.

Nguo ni kama lugha ya kuhesabu. Mwalimu anahesabu kwa Kisanskriti, ekam, dve, trini. Mi nilijaribu "moja vuta, mbili toa" na watu wakaacha kunikodolea macho wakaanza kupumua. Hesabu ipo, pumzi ipo, lugha ndo imebadilika. Muziki, saa ya kipindi, majina ya mapozi, kutumia kiti, hizo nguo.

Kama unaona kubadilisha nguo ni dhambi, kumbuka Krishnamacharya, yule mwalimu mkubwa wa yoga wa India. Pattabhi Jois, aliyeieneza Ashtanga yetu, na Iyengar wote walipita mikononi mwake Mysore, mmoja akatoka na yoga ya kuhesabu na kutiririka na jasho, mwingine akatoka na yoga ya kukaa kwenye pozi muda mrefu ukisaidiwa na mikanda, matofali, viti na kamba za ukutani. Ukiwaona wanafunzi wao leo hutodhani chimbuko ni mtu mmoja. Na Krishnamacharya mwenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa akimtaja mwalimu wake.

Huku kwetu pia tunalijua jambo hili, tena kwa ngoma. Nenda Bujora pale Kisesa msimu wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, mwezi wa sita, uangalie Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wakishindana. Kila ningi, yaani kiongozi wa ngoma, ana nyimbo zake alizotunga mwenyewe, anatafuta kitu kipya kivute watu upande wake, na hakuna anayemwambia ameasi. Ila muulize mzee yeyote uwanjani, atakwambia huyu ni Mgika au Mgalu kabla wimbo haujafika katikati.

Kuhusu mantra ya ufunguzi, yale maneno ya kuimba mwanzoni mwa kipindi, niseme kidogo maana inawasumbua wengi. Mantra ya Ashtanga inaanza kwa kuinamia miguu ya walimu, na mwanafunzi wa Kirokole au Muislamu akishajua maana anaweza kukosa raha, na ana haki. Msimwimbishe mtu asichokielewa. Mimi naisema kimya nyumbani kabla sijatoka, darasani tunakaa pumzi kumi kimya, na siku ya kwanza nawaeleza wazi kwamba kwa mwalimu wangu hapa kuna maneno na maana yake ni hii. Wengine wakaniambia asante kwa kutuambia ukweli. Kosa lingekuwa kuyaficha kana kwamba hayajawahi kuwepo.

## Hatua ya 4: Anza na shida ya mwanafunzi, hamu yako ije baadaye

Mabadiliko yanayodumu yanatoka kwa mwili ulio mbele yako. Yanayotoka kwenye kuchoka kwako, au kwenye video ya mtu wa California ufukweni, yanadumu mwezi.

Nitoe mfano wangu wote maana ndo utakaotusaidia mpaka mwisho.

Akina mama wanaoanika dagaa pale Mwaloni, Kirumba, waliniomba niwafundishe. Mmoja wao alikuwa amekuja kwenye kipindi changu cha jioni na mgongo ukampa unafuu, akawaambia wenzake. Nikaenda asubuhi moja kuwaona kazini kabla ya kupanga chochote, na hiki nakushauri na wewe ufanye, nenda ukaone mwili wa mwanafunzi ukifanya kazi yake. Dagaa wanamwagwa, wanatandazwa, jua likipanda wanageuzwa, wanakusanywa. Wanaoanika kwenye vichanja angalau wanasimama wima, wanaoanika chini wameinama kiunoni, miguu imenyooka, mkono mmoja kwenye goti mwingine unatandaza. Nikahesabu: mama mmoja aliinama dakika kama ishirini bila kunyanyuka hata mara moja, na alipokuja kunyooka alishika kiuno kwa mikono yote miwili na akatembea hatua nne tano bado amepinda.

Sasa mpangilio wa kwanza wa Ashtanga umejaa kupinda mbele. Kaa pinda, simama pinda, geuka pinda. Mwalimu aliupata Mysore, na kwa sisi tunaokaa kwenye viti unatufaa, ila huyu mama ameshapinda tangu alfajiri. Nikimletea mapindo mengine ishirini jioni namwongezea kazi.

Hapo ndo nilipopata hoja yangu, na ilikuwa hoja ya daftari: mstari huu, sababu yake hii, mwili huu haihitaji, nahitaji kitu cha kufungua mbele, kunyoosha nyonga, kupandisha miguu.

Ukitaka kujua umefanya hatua hii vizuri, jaribu kueleza badiliko lako kwa sentensi inayoanza na jina la mwanafunzi au kazi yake. Kama sentensi inaanza na "mimi napenda," rudi.

## Hatua ya 5: Jaribu kidogo kidogo

Kwanza mwili wako, wiki mbili kila siku. Halafu watu watatu wanaokuamini, wiki nne, ukiwaambia kabisa kwamba unajaribu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mpangilio, muziki na saa kwa pamoja, mtu akiumia au akipona hujui nini kimefanya.

Andika daftarini kila baada ya kipindi: nani, kitu gani, alisema nini kesho yake. Kesho yake ndo muhimu, maana siku hiyo hiyo kila mtu anasema amejisikia vizuri.

Tahadhari za afya, na hapa hakuna staili ya mtu wala ukoo wa mtu:

Mwenye presha ya kupanda isiyodhibitiwa, presha ya macho au tatizo la shingo, usimsimamishe kwa kichwa wala kwa mabega. Hata miguu ukutani muwekee nafuu, alale chali ndama zikae juu ya kiti.

Mjamzito halali kifudifudi, hasokotwi kiuno kwa nguvu, na mimba ikikua usimlaze chali muda mrefu, mlaze ubavu wa kushoto.

Maumivu makali yanayochoma au ganzi inayoshuka mguuni, simamisha, aende hospitali. Usijifanye daktari.

## Hatua ya 6: Nenda kwa mwalimu kabla hujatangaza

Hii ndo inayorukwa, na ndo inayovunja watu. Mwalimu akisikia kwako kabla, ni ushauri umekuja kuomba. Akisikia kwa mwanafunzi wake mwingine, au akiona kwenye stetasi yako, ni usaliti, na haijalishi badiliko lenyewe lilikuwa zuri kiasi gani.

Usimwandikie WhatsApp, na kwenye grupu ndo kabisa usithubutu. Nenda kwake. Nenda na daftari. Nenda saa ambayo hana kipindi baada ya hapo. Kama yuko mbali, Nairobi au India, mpigie simu ya sauti, ila kabla ya hapo mtumie ujumbe mfupi wa kuomba muda, kitu kama: "Shikamoo Mwalimu. Kuna jambo la ufundishaji nataka ushauri wako kabla sijalianza. Naomba unitengee nusu saa siku utakayoona inafaa." Neno kabla ndo lenye kazi hapo.

Nisimulie yangu ilivyokuwa.

Akina mama wale waliniambia nafasi yao ni mbalamwezi. Unajua dagaa wanavuliwa kwa taa, wavuvi wanaenda siku za giza wanawasha taa dagaa wanakuja kwenye mwanga, mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku za giza mama hana hata dakika, siku za mbalamwezi ndo yuko nyumbani. Na mimi kwa ukoo wangu siku ya mwezi mpevu hatufundishi. Nikaona nimekwama. Kusema kweli kidogo nianze kimya kimya, nikijiambia Mwalimu ni mzee na Kirumba hafiki.

Nikaenda. Nimemkuta barazani, thermosi ya chai ya maziwa pembeni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Daftari la nini?"

Nikamweleza yote, dagaa, kuinama, giza, mbalamwezi. Nikamwonyesha nilichopanga: kipindi cha saa moja na nusu, salamu za jua (ile miendo ya kuinuka na kuinama ya kuanzia kipindi), mapozi ya kusimama, kupinda nyuma, jasho litoke.

"Mbalamwezi sisi hatufanyi," akasema.

"Najua Mwalimu, ndo maana nimekuja kabla sijawajibu."

Akanyamaza muda mrefu. Akamimina chai, vikombe viwili. "Kwa nini hatufanyi?"

Nikamwambia nilichokariri, mambo ya mwezi na maji ya mwilini. Akatikisa kichwa. "Hiyo umesoma. Mimi nilipokuwa Mysore mwili uliniuma siku zote isipokuwa Jumamosi na siku za mwezi. Zisingekuwepo siku zile ningevunjika, nisingerudi hapa na kitu. Hao mama zako wao wanapumzika lini?"

"Hawapumziki Mwalimu. Labda hiyo mbalamwezi."

"Sasa hiyo moja waliyonayo ndo unataka kwenda kuwatoa jasho."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeenda kuomba ruhusa ya kuvunja sheria, na yeye akanionyesha kwamba sheria ilikuwa inawatetea wanafunzi wangu kuliko nilivyokuwa nawatetea mimi. Tukakaa na lile daftari mpaka magharibi. Tukafuta karibu nusu ya nilichopanga. Kipindi cha mbalamwezi kikawa kipindi cha kulala: miguu ukutani, kifua kimefunguliwa juu ya blanketi lililokunjwa, goti moja moja kifuani, pumzi za kuhesabu kwa Kiswahili, na mapumziko ya mwisho marefu kuliko kawaida. Salamu za jua zikahamia wiki nyingine, kwa anayeweza.

Staili yangu, ile watu wanayonijua nayo leo, ilizaliwa jioni ile na nusu yake ni maneno ya Mwalimu. Ningeanza kimya kimya ningekuwa na kipindi kimoja zaidi cha jasho pale Kirumba na akina mama wangeacha baada ya wiki tatu.

Kwa hiyo ukienda, peleka vitu vitatu: mwanafunzi ni nani, mwili wake unafanya nini, na sababu ipi ya mwalimu unaogopa kuivunja. Usipeleke sifa zako. Usianze na "siku hizi watu wanataka," mwalimu akisikia siku hizi anafunga masikio. Halafu muulize anachoogopa, umwache amalize.

Mafanikio hayamaanishi lazima akubali. Ukitoka pale huna kitu cha kumficha, hatua hii imekwisha.

## Hatua ya 7: Akikataa

Sikiliza anakataa nini hasa, maana kukataa kuna aina.

Akikataa kwa usalama, mtii. Rudi hatua ya tano, leta ushahidi wa daftari baada ya miezi miwili.

Akikataa jina lake au jina la ukoo lisitumike kwenye kitu hicho, ana haki, mpe. Fundisha kitu chako bila jina lile. Hii ni nafuu kuliko inavyosikika.

Akikataa kwa sababu ameumia moyo, anaona unamwacha, hapo usibishane hoja kwa hoja. Endelea kuhudhuria vipindi vyake. Subiri. Mtume mtu mzima anayemheshimu akaongee naye, kama tunavyofanya kwenye mambo ya kifamilia. Muda unasaidia sana.

Na kuna la nne ambalo lazima niliseme bila kuzunguka. Kama mwalimu anawashika wanafunzi pasipofaa, anawatisha, anachukua hela zao kwa vitisho, hiyo haihusu staili na utii haupo hapo. Baada ya Pattabhi Jois kufariki 2009, wanawake waliokuwa wanafunzi wake walieleza hadharani jinsi alivyowagusa vibaya akijifanya anawarekebisha pozi, na mwaka 2019 mjukuu wake Sharath, aliyemrithi, akajitokeza kuomba radhi. Huu ni ukoo wangu nazungumzia, inaniuma kuandika. Lakini nimeshaweka darasani kwangu: hakuna anayeguswa bila kuulizwa kwanza, kila mara, na jibu la hapana halihitaji maelezo. Mwalimu wangu nilipomwambia hili alisema tu, "Weka." Ukiona uchafu wa namna hiyo kwa mwalimu wako, toka, na usimlinde kwa ukimya.

## Hatua ya 8: Jina na tangazo

Fupi. Mpangilio wa mapozi haumilikiwi na mtu. Bikram Choudhury alidai hakimiliki ya mpangilio wake wa mapozi 26 ya kwenye chumba cha joto, mahakama ya rufaa ya Marekani mwaka 2015 ikasema hapana, ule ni utaratibu wa mazoezi, haulindwi kwa hakimiliki. Jina ni kitu kingine. Iyengar kwa mfano ni jina linalotumiwa na walimu waliothibitishwa tu, hata kama unatumia viti na mikanda vizuri kiasi gani usijiite hivyo.

Kwenye tangazo andika mistari miwili. Nimefundishwa na fulani, ukoo fulani. Kipindi hiki nimekipanga mwenyewe kwa ajili ya watu fulani. Basi. Mwanafunzi anajua anachonunua, mwalimu anajiona kwenye tangazo, na mtu akiumia kwa kitu ulichobuni lawama haziendi kwake.

Usichukue wanafunzi wa mwalimu wako. Wakikufuata wenyewe, waulize kama wamemuaga. Usifungue mtaa anaofundisha yeye. Mwanza ni kubwa, Igoma ipo, Usagara ipo, Luchelele wanafunzi wa chuo wamejaa.

## Hatua ya 9: Baki mwanafunzi

Angalau mara moja kwa wiki, kaa kwenye mkeka wa nyuma kwenye kipindi cha mwalimu wako na ufanye kile anachosema bila kukirekebisha kichwani. Kama hayupo tena au yuko mbali, fanya mpangilio wake wa asili peke yako, hesabu zake, lugha yake. Mi nafanya Ijumaa alfajiri. Kuna siku nagundua kitu nilichokitoa kilikuwa na kazi, nakirudisha. Daftari langu sasa hivi nyekundu zimebaki chache.

Mbalamwezi iliyopita tulikuwa uani kwa mama mmoja pale Kirumba, mikeka ya ukindu imepangwa kufuata ukuta, miguu kumi na sita imepandishwa, madira yamekunjwa yakabanwa magotini kwa khanga, harufu ya dagaa bado ipo hewani. Mwalimu alikuja kwa bajaji bila kuniambia. Akasalimia, wakamjibu shikamoo wakiwa wamelala vile vile, akaomba kiti akakaa mlangoni. Nikahesabu moja vuta, mbili toa. Nilipofika kumi nikamsikia nyuma yangu, kwa sauti ya chini, anahesabu na yeye, kwa Kiswahili.